Umeombwa barua ya kumuunga mkono shangazi apewe nishani: uandike nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nina duka la vitenge Kariakoo, naishi Mbagala. Shangazi yangu alikwenda Uingereza kusomea uuguzi zamani, akaolewa hukohuko na akachukua uraia wao. Sasa amestaafu, yuko mji wa Reading, na mwakani ana mpango wa kurudi moja kwa moja kwenye nyumba yake Kigamboni. Binamu zangu wanataka kumpendekeza apewe nishani ya kule kwa mambo anayowafanyia watu, na wameniomba niandike barua ya kumuunga mkono. Nimeandika, ila naona haijakaa sawa, nakutumia uisome. Nimtafute diwani aweke muhuri? Niandike kwa Kiingereza? Shangazi mwenyewe nimwambie? Mjomba wangu naye anasema hiyo nishani ni ya kikoloni, tusihangaike nayo. Samahani kwa kukuandikia usiku, leo nimechelewa tena uwanja wa ndege. Shangazi alinipa kazi ya kupokea mwili wa kijana mmoja wa Kondoa aliyefia huko, ndugu zake hawajui taratibu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, ujumbe wako pia nimeusoma, na ujumbe umeishinda barua.

Katika barua umeandika hivi: "Shangazi yangu ni mama mwenye upendo, mkarimu, mchapakazi, mcha Mungu, asiyebagua mtu, na ni nguzo ya familia na jamii kwa ujumla." Sina sababu ya kutilia shaka hata neno moja hapo. Lakini futa jina la shangazi, weka la mama yeyote anayeheshimika Mbagala, uone kama kuna kitakachobadilika. Sisi tumezoea kuandika wasifu wa mtu siku ya msiba: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameacha wajukuu wangapi, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Pale msibani inatosha, kwa sababu waliokaa kwenye mikeka walimjua, na kila mmoja anajazia ya kwake kimoyomoyo. Watakaosoma barua yako hawamjui shangazi wala hawaijui Mbagala, na mezani wana mafaili kibao ya watu wengine wenye upendo, wakarimu na wachapakazi.

Halafu mwisho wa ujumbe, mahali unaponiomba radhi kwa kuniandikia usiku, unanitajia kijana wa Kondoa. Nikarudi kwenye barua kumtafuta. Hayumo! Hayumo yeye wala wa kabla yake, maana umesema umechelewa "tena", kwa hiyo si mara ya kwanza.

Hicho ndicho cha kuandika, na kikae juu kabisa. Watu wengi hawajui mwili unaotoka nje unafikaje nyumbani. Unakuja kama mzigo, na unapokelewa upande wa mizigo. Anayeupokea lazima awe na karatasi zake: cheti cha kifo, hati ya mzigo ya shirika la ndege, vibali vya afya. Kuna afisa afya wa kumwona na watu wa forodha wa kumalizana nao, na gari la kubebea liwe limeshafika. Ndugu aliyetoka Kondoa na mfuko wa nguo mkononi, hajalala, hajui mlango wa kuingilia, anaweza kuzunguka pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi kukuche. Na kabla ya hapo, upande wa pili, kuna mtu aliyekwenda kuandikisha kifo, akazungumza na kampuni ya mazishi, akapitisha daftari la michango kwa Watanzania wa mji ule, akatafuta nafasi kwenye ndege. Kama mtu huyo ni mstaafu ambaye hana undugu na marehemu, na amefanya hivyo mara kadhaa, kamati yoyote duniani itataka kusikia habari zake. Wewe ndiye shahidi wa nusu ya kazi hiyo inayofanyika huku, na pengine hata binamu zako hawajui undani wake.

Ningeianza hivi, na tarehe ujaze mwenyewe:

"Usiku wa tarehe fulani shangazi alinipigia simu. Kijana wa Kitanzania alikuwa amefariki kwenye mji anaoishi shangazi. Hakuwa ndugu yetu. Wazazi wake wako Kondoa na hawajawahi kufika uwanja wa ndege. Shangazi alikuwa ameshamaliza karatasi zote za huko, na alinisomea namba ya hati ya mzigo nikaiandika nyuma ya daftari la dukani. Nilikwenda kuwapokea ndugu wawili wa marehemu Stendi ya Magufuli, tukaenda pamoja uwanja wa ndege. Shangazi alibaki kwenye simu mpaka gari lilipotoka getini. Hii ni mara ya … kunipa kazi ya namna hii tangu mwaka …"

Hapo hakuna sifa hata moja, ila anayesoma ataziona zote. Kama nimekosea jambo, kwa mfano namba hukuiandika kwenye daftari, rekebisha. Usiache kitu ambacho hakikutokea kwa sababu tu kinapendeza. Jaza zile nafasi mbili kwa uhakika. Pekua simu yako, utazikuta tarehe kwenye meseji za shangazi, na miamala ya nauli na mafuta aliyokurushia ina siku na saa zake.

Katika barua yako mna jambo jingine ambalo ni zuri ila umelipita mbiombio: "pia huisaidia zahanati yetu". Huisaidia vipi? Nenda kwa muuguzi mfawidhi, mwombe akuangalizie leja ya stoo. Vitu vya msaada vikipokelewa huandikwa, na mle utakuta ni mashuka, mashine ya kupimia presha, taa za sola za wodi ya wazazi au ni nini, na vilipokelewa mwaka gani. Kisha muulize swali ambalo wengi hawaulizi: vingapi bado vinafanya kazi? Misaada iliyokufa kwenye stoo zetu unaijua. Kama taa zile zinawaka hadi leo umeme unapokatika, na kama shangazi ndiye aliyetuma betri mpya pale za zamani zilipochoka, andika hivyo. Mtu aliyerudia kuja kuangalia alichokileta ana uzito kuliko aliyekata utepe akapiga picha. Lakini muulize huyo muuguzi kwa akili, usimtajie nishani. Nitakuambia sababu hapo chini.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa kifupi. Nishani za Uingereza za namna hii mtu yeyote anaweza kumpendekezea mwenzake. Hairuhusiwi tu mtu kujipendekeza mwenyewe. Binamu zako watajaza fomu ya serikali kwenye mtandao: jina, umri, anwani, kazi aliyofanya, heshima nyingine alizowahi kupata. Wataambatanisha barua mbili za watu wanaomfahamu mwenyewe kwa karibu. Faili linakwenda kwa kamati inayoshughulikia kazi za jamii na kujitolea, na idara za serikali zinaulizwa kama kuna doa, mamlaka ya kodi ikiwemo. Waliopita wanafikishwa kwa Waziri Mkuu, kisha kwa Mfalme. Majina hutangazwa mara mbili kwa mwaka, Mwaka Mpya na mwezi Juni wakati wa kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Mfalme, na kila orodha ina watu zaidi ya 1,000.

Hilo la kodi waambie binamu zako walitazame mapema. Kama michango ya misiba imekuwa ikipita kwenye akaunti ya shangazi binafsi, na ninavyowajua Watanzania wa nje ndivyo ilivyo, basi kuwe na daftari linaloonyesha kilichoingia na kilichotoka. Simshuku shangazi, ila fedha za watu zikipita mkononi mwa mtu bila kuandikwa, hata malaika atapata kazi kujieleza.

Kuhusu muda, hapa ndipo pa kuharakisha. Tangu faili lipelekwe hadi majibu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ikipita miaka miwili kimya, basi halikufika popote; hamtaandikiwa sababu. Wanaopendekezwa wanatakiwa wawe bado wanaifanya hiyo kazi au wameiacha karibuni tu. Shangazi anarudi Kigamboni mwakani. Binamu zako wakisubiri kwanza waandae sherehe ya kumuaga ndipo wajaze fomu, watakuwa wamejipunguzia nafasi. Na nishani hizi haziombewi marehemu. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu kwetu mtu mwema husifiwa zaidi akishafukiwa.

Ni nishani gani? Hilo halichaguliwi na anayependekeza, linaamuliwa na kamati. Kwa kazi ya mtaani kama ya shangazi, nyingi huwa ni BEM, yaani Medali ya Dola ya Uingereza, au MBE, daraja la chini la Nishani ya Dola ya Uingereza. BEM ni medali iliyosimamishwa mwaka 1993 na kurudishwa mwaka 2012, hasa kwa ajili ya watu wa kujitolea. Humkuta mtu kwenye eneo lake, akivalishwa na mwakilishi wa Mfalme. MBE hutolewa na Mfalme au mmoja wa familia yake, Buckingham au Windsor, na Windsor si mbali na Reading. Zote mbili hazimfanyi mwanamke aitwe "Dame", cheo kinachotangulia jina, kwa hiyo waambieni mapema wale wa Mbagala watakaotaka kumbandika cheo.

Uraia nao una maana yake. Umesema alichukua uraia wa kule, na kwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kwenye fomu yeye ni Mwingereza na atapendekezwa kama Waingereza wengine. Angebaki na pasipoti ya Tanzania, nishani ingekuwa ya heshima, inayopitia Wizara yao ya Mambo ya Nje, kwa kuwa Mfalme si mkuu wa nchi yetu tangu tulipokuwa Jamhuri mwaka 1962. Usije ukaandika kwenye barua "Mtanzania mwenzetu" halafu fomu ya binamu ikasema vingine. Andika "mzaliwa wa Tanzania", mambo yakae sawa.

Tuje kwa diwani. Najua kwa nini umemfikiria. Hapa kwetu karatasi isiyo na muhuri haitembei, kuanzia serikali ya mtaa mpaka benki. Na tukisikia neno nishani tunaona Ikulu: Rais, viongozi wastaafu, makamanda waliojipanga, Nishani ya Mwenge wa Uhuru daraja hili, Nishani ya Muungano daraja lile. Tunaona kama ni mambo ya wakubwa, kwa hiyo lazima mkubwa atie neno. Kumbuka yule kijana mvuvi wa Bukoba, ndege ilipoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022. Hakuhitaji mtu wa kumwandikia. Nchi nzima ilisikia alivyokimbilia kuokoa watu, na haikuchukua siku nyingi akapewa fedha na nafasi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ushujaa wa siku moja hujitangaza wenyewe. Kazi ya miaka mingi ya kupigia simu kampuni za mazishi haina kamera, na ndiyo maana anatafutwa shahidi.

Shahidi ni aliyekuwepo. Je, diwani wenu alikuwepo uwanja wa ndege? Amewahi kuzungumza na shangazi? Kama jibu ni hapana, barua yake itasema "mama huyu ni nguzo ya jamii" na tutakuwa tumerudi tulikoanzia, safari hii na muhuri juu. Muuza vitenge aliyekesha upande wa mizigo anamshinda mheshimiwa aliyesikia habari kwa watu. Jitambulishe hivyohivyo bila kuona haya: jina lako, kazi yako, undugu wako na shangazi, umemjua tangu lini. Undugu usiufiche. Wakija kuugundua baadaye utawatia shaka bure, ila ukiutaja mwenyewe watapima maneno yako kwa haki.

Kwa sababu wewe ni ndugu, na binamu zako ni watoto wake, ile barua ya pili isitoke kwenye ukoo. Hapo ndipo ningewatafuta watu wa Kondoa, au familia nyingine iliyowahi kupelekewa mwili kwa mkono wa shangazi. Waache walie kwanza. Hawa wa juzi ni mapema mno kuwabishia hodi na karatasi. Wale wa zamani kidogo wanaweza. Mzazi aliyempata mwanawe akamzika kwao, kwa msaada wa mtu asiyemfahamu kwa sura, akiandika nusu ukurasa tu inatosha. Ila unapowaomba, maneno yawe "mtu anayejitolea kule", na barua ipitie mikononi mwa binamu zako. Kama familia hiyo haijawahi kukutana naye uso kwa uso wala kuzungumza naye zaidi ya simu moja, iwe barua ya nyongeza tu, na ya pili rasmi iandikwe na jirani au muuguzi mwenzake wa hukohuko Reading.

Lugha: andika kwanza kwa Kiswahili, yote, mpaka umalize. Wasomaji wa kule wanasoma Kiingereza, kwa hiyo lazima ifasiriwe, lakini ukianza kuandika kwa Kiingereza cha kuazima utajikuta unaandika sentensi za barua ya kuomba kazi. Mpe binamu mmoja aifasiri kwa Kiingereza chepesi na mwambie asiipambe. Tuma zote mbili, yako yenye sahihi na tafsiri yake. Ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu.

Sasa siri. Shangazi asijue. Serikali yao inaomba hivyo, kwani wengi hawapati na hakuna haja ya kumvunja mtu moyo. Na kwa familia zetu siri maana yake ni jambo moja: lisiingie kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Huko ndani yumo mmoja ambaye ataandika "Hongera sana dada yetu kwa kupendekezwa" kabla hata fomu haijajazwa, na mwingine ataanzisha michango ya gauni. Ndiyo maana nimesema kwa muuguzi mfawidhi uende kwa akili. Mwambie unakusanya kumbukumbu za familia za kazi ya shangazi, kitu ambacho ni kweli.

Na yeyote atakayewapigia simu akisema anaweza "kulisukuma" faili kwa ada kidogo, kateni simu. Kupendekeza hakulipiwi. Kuuza nishani ni kosa la jinai kwao kwa sheria ya mwaka 1925, iliyotungwa baada ya kashfa ya vyeo kuuzwa enzi za Waziri Mkuu Lloyd George. Dalali wao mkubwa, Maundy Gregory, alitiwa hatiani mwaka 1933. Hapa mjini tuna wenzake wanaotembeza tuzo na udaktari wa heshima kwa bei ya ukumbi na chakula cha jioni, na watu wazima wanalipa wakijua kabisa wanachonunua.

Nimemwacha mjomba wako mwisho kwa sababu hoja yake si ya kupuuza. Jina kamili la nishani hiyo linabeba Dola ya Uingereza, ile iliyotutawala. Ilianzishwa na Mfalme George wa Tano mwezi Juni 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo kwa upande wetu ilipiganwa kusini mwa nchi hii kwa migongo ya wapagazi, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Hapo unapouzia vitenge palikuwa na kambi ya wapagazi hao wa jeshi la Mwingereza. Mshairi wa Uingereza Benjamin Zephaniah alipotakiwa kupewa OBE, daraja la juu ya MBE, mwaka 2003 aliikataa hadharani kwa sababu ya neno hilo la Dola, na hakuwa peke yake. Kwa hiyo mjomba ana wenzake wenye akili timamu.

Mimi naona hivi: uamuzi huo si wa mjomba, wala si wako, wala si wangu. Wiki kadhaa kabla ya majina kutangazwa, shangazi mwenyewe ataandikiwa kwa siri kuulizwa kama ataipokea. Akikataa, jina halitokei kwenye orodha na habari inaishia hapo. Ni mwanamke aliyeuguza Waingereza maisha yake yote na kuzika Watanzania ustaafuni. Anaijua hesabu kati ya nchi hizi mbili kuliko sisi tuliobaki huku. Kazi yako ni kuhakikisha swali linamfikia. Mjomba mwombe tu akae nalo kimya mpaka hapo.

Fanya hivi wiki hii: tafuta zile tarehe kwenye simu, pita zahanati, andika upya. Weka sahihi, tarehe na namba yako ya simu, maana wanaweza kutaka kuthibitisha. Piga picha iliyonyooka au ipeleke kwa watu wa steshenari waiskani, umtumie binamu anayejaza fomu peke yake. Ukitaka nikuangalizie rasimu ya pili, nitumie, na ile mara ya kwanza kabisa shangazi alipokupa kazi hii ya uwanja wa ndege nayo uiandike, hata kama hukumbuki yote.